Kizuri chajiuza, au kila mtu na jicho lake?

Swali la msomaji: "Mimi na kaka yangu tumebishana hadi tumenuniana. Yeye anasema uzuri ni kitu halisi, wanasayansi wameshaupima, na hata watoto wachanga wanautambua kabla hawajafundishwa na mtu. Mimi nasema kila mtu na jicho lake. Kama yeye angekuwa sahihi, watu wote tungempenda mtu mmoja na kutundika ukutani picha moja. Nani mkweli?"

Kwa sura za watu, mmegawana karibu nusu kwa nusu. Kwa mandhari ya asili, kaka yako anaongoza. Kwa michoro ya dhahania, ile isiyoonyesha kitu halisi, unaongoza wewe, tena kwa mbali. Kwa hiyo huwezi kujibu kama uzuri ni wa wote au wa mtazamaji mpaka kwanza useme ni uzuri wa nini, na umeupimaje. Hilo la upimaji ndilo linalowapotosha wengi, hata waandishi wa magazeti, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Lakini kwanza maneno, maana sehemu kubwa ya ugomvi wenu imejificha humo. Ukisema "picha hii ni nzuri", umeubandika uzuri kwenye picha. Mtazamaji hatajwi popote. Ukisema "picha hii inanipendeza", umejiingiza katikati ya kitenzi: ile -ni- ni wewe. Na pendeza yenyewe imezaliwa na penda. Ni kumfanya mtu apende, na pasipo mtu wa kupenda haina kazi. Basi lugha imempa kila mmoja wenu silaha yake. Methali nazo ni hivyo hivyo. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" iko upande wa kaka yako. "Ukipenda, chongo utaita kengeza" iko upande wako, au ndivyo watu wanavyodhani. Isikilize tena. Haisemi kwamba chongo si chongo; inasema aliyependa amebadilisha jina. Aliyeitunga alijua fika lile jicho lina nini. Methali hiyo inamcheka mtazamaji, haimpi mamlaka.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliishikilia tofauti hiyohiyo mwaka 1790. Anayesema kinywaji fulani kinampendeza hana ugomvi na mtu. Mwenzake akisema yeye hakimpendezi, yameisha. Anayesema kitu ni kizuri anadai zaidi: anataka na wengine wakubali, ingawa hana kanuni ya kuwalazimisha. Ndiyo maana mkanuniana. Hakuna watu wanaonuniana kwa sababu mmoja anapenda chumvi nyingi. Chungeni pia kwamba -zuri inafanya kazi mbili: dawa nzuri, barabara nzuri na tabia nzuri hazina uhusiano na macho. Mabishano mengi ya uzuri huvunjika pale mmoja anaporuka kutoka "inafaa" kwenda "inavutia" bila mwenzake kugundua.

Sasa sura za watu, ambako ndiko ushahidi mwingi uliko.

Mwaka 1878 Mwingereza Francis Galton alipiga picha za wafungwa juu ya bamba moja, sura juu ya sura, akitumaini kuiona "sura ya mhalifu". Akapata kinyume chake: sura iliyotoka ilikuwa nzuri kuliko za wafungwa mmoja mmoja. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1990, watafiti Judith Langlois na Lori Roggman walilifanya jambo hilo kwa kompyuta na kupata matokeo yaleyale: sura iliyochanganywa kutoka watu 16 au 32 ilipewa alama za juu kuliko karibu sura zote zilizoichangia. Kwa hiyo wastani unapendeza. Sehemu ya maelezo ni ya kawaida tu: ukichanganya picha nyingi, chunusi, makovu na mikunjo hufutika, ngozi inalainika, na upande wa kushoto unafanana na wa kulia. Sehemu nyingine ni ya ubongo: kitu kinachokaribia mfano wa jumla tuliojijengea kichwani husomeka kwa wepesi, na wepesi huo tunauhisi kama kupendeza.

Wastani si kilele, hata hivyo. Mwaka 1994 David Perrett na wenzake walichukua sura zilizokuwa zimepewa alama za juu, wakatengeneza wastani wa hizo peke yake. Ulipendwa kuliko wastani wa sura zote, na walipozidisha tofauti kati ya wastani huo na ule wa jumla, ukapendwa zaidi. Waamuzi wa Uingereza na wa Japani walikwenda upande mmoja. Hapo kaka yako anaweza kutabasamu.

Asitabasamu sana. Jiulize: wastani wa sura zipi? Ubongo haukuzaliwa na orodha. Unaikusanya kutoka kwa watu unaowaona. Mwaka 2003 timu ya Gillian Rhodes iliwaonyesha watu sura zilizobanwa au kuvutwa kwa kompyuta, kwa dakika chache tu. Baada ya hapo kile walichokiona kuwa sura ya kawaida kilikuwa kimesogea upande wa zile zilizobanwa au kuvutwa, na kile walichokiona kuwa kizuri kikasogea pamoja nacho. Kanuni ni ya wote: penda kinachokaribia mfano wa jumla. Yaliyomo ndani ya kanuni yanategemea macho yako yameshinda wapi. Ukilishika jambo hili moja utaona kwa nini watu wenye ubongo wa aina moja hutoa majibu tofauti bila yeyote kukosea.

Na watoto wachanga wa kaka yako? Ni kweli, sina cha kumpinga kwenye matokeo. Mwaka 1987 Langlois alionyesha kwamba watoto wa miezi miwili mitatu hutazama kwa muda mrefu zaidi sura ambazo watu wazima wamezipa alama za juu. Mwaka 1998 Alan Slater na wenzake walipata hivyo hivyo kwa watoto wenye umri wa siku chache tu. Tatizo liko katika tafsiri. Kinachopimwa ni sekunde za kutazama, na mtoto anaweza kukazia macho kitu kwa sababu ni rahisi kusomeka. Isitoshe, mwaka 2008 Paul Quinn na wenzake waliwapa watoto wa miezi mitatu minne picha za paka, nao wakakazia macho wale paka ambao watu wazima waliwaona wazuri. Paka! Basi maelezo maarufu kwamba tumezaliwa na kipimo cha kuchagua mchumba mwenye afya hayatoshi. Mtoto hachumbii paka.

Tena mafunzo huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2005 David Kelly na wenzake waliona kuwa watoto waliozaliwa siku chache tu hawakupendelea sura za watu wa asili yao, lakini waliofika miezi mitatu walipendelea. Ndani ya siku tisini jicho limeshaanza kuwa na kwao.

Sasa mtego wa upimaji. Kaka yako atakuletea habari kwamba tamaduni mbalimbali "zinakubaliana kwa zaidi ya asilimia 90" kuhusu sura nzuri. Habari hizo zina mzizi: mwaka 2000 Langlois na wenzake walikusanya tafiti nyingi na kupata mwafaka wa karibu 0.9 ndani ya jamii na kati ya jamii, kwenye mizani ambayo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kukubaliana kikamilifu. Lakini namba hiyo si mwafaka wa mtu na mtu. Ni mwafaka wa wastani wa kundi na wastani wa kundi lingine, na wastani una tabia ya kufuta kila kilicho cha mtu binafsi.

Hesabu yenyewe inafanyika kwa kalamu. Kanuni yake, iliyotolewa na wanasaikolojia Spearman na Brown mwaka 1910, ni hii: chukua mwafaka wa watu wawili wawili, zidisha kwa idadi ya watu katika kundi, kisha gawa kwa 1 ukijumlisha mwafaka huohuo mara idadi pungufu moja. Tuseme watu wawili wowote wanakubaliana kwa 0.3 tu, yaani wanatofautiana sana. Weka makundi mawili ya watu 50. Juu unapata 50 mara 0.3, yaani 15. Chini unapata 1 na 49 mara 0.3, yaani 15.7. Gawa: 0.96. Watu ambao mmoja mmoja wangebishana siku nzima, wakikusanywa kwenye makundi wanaonekana kama wana jicho moja. Punguza mwafaka wa wawili hadi 0.1, ambao kwa macho ya kawaida ni sawa na kutokubaliana kabisa, na bado makundi hayo yatakubaliana kwa 0.85.

Kwa hiyo ukikutana na namba kubwa ya namna hiyo, uliza swali moja: ni mwafaka wa watu au wa wastani? Ikiwa mwandishi hasemi, chukulia ni wa wastani.

Ukiupima kwa mtu mmoja mmoja, picha inabadilika. Mwaka 2006 Johannes Hönekopp alitenganisha ladha ya pamoja na ladha ya binafsi kwenye sura na kukuta zinakaribia kulingana kwa uzito. Mwaka 2015 Laura Germine na wenzake walipata kitu kama hicho, kisha wakaenda mbele zaidi: waliwapima mapacha, jozi 547 za mapacha wa yai moja na jozi 214 za mapacha wa kawaida wa jinsia moja, kila mtu akitoa alama kwa sura 200. Kama ladha ya binafsi ingerithiwa, mapacha wa yai moja wangefanana nayo sana. Hawakufanana sana. Tofauti za watu zilielezwa zaidi na mazingira ya mtu mwenyewe, hata yale ambayo pacha wake hakuyaishi: watu aliokutana nao, waliomtendea wema, aliosoma nao. Hili ndilo bao lako bora dhidi ya kaka yako. Sehemu yako ya uzuri haikuandikwa kwenye damu, wala si ya nyumba mliyokulia wote wawili.

Mwili unabadilika hata zaidi ya sura. Mwaka 1993 Devendra Singh alidai kwamba kiuno cha mwanamke kikiwa asilimia 70 ya nyonga ndicho kinachopendwa. Mwaka 1998 Douglas Yu na Glenn Shepard wakaichukua michoro ileile hadi kwa Wamatsigenka wa Peru waliokuwa wameishi mbali na matangazo na magazeti, na wanaume wa huko wakachagua viuno vinene. Hata mtu mmoja hana jibu moja: Viren Swami na Martin Tovée, mwaka 2006, waliwauliza wanaume wakiingia kula na wengine wakitoka kula, na wenye njaa walipendelea miili mizito zaidi. Kabla ya chakula na baada ya chakula, jicho si lile.

Nje ya watu, kanuni ya kukumbuka ni kwamba mwafaka hupungua kadiri kitu kinavyokosa maana ya pamoja. Edward Vessel na Nava Rubin walilipima hili mwaka 2010: kwa picha za mandhari halisi watu walikubaliana vizuri, kwa michoro ya dhahania kila mmoja alikwenda njia yake. Sababu inaeleweka. Mto, mti, mwanga wa jioni vina maana inayokaribiana kwa watu wengi. Madoa ya rangi hayana, kila mtu anayajaza ya kwake. Kwenye muziki, mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake waliwapigia Watsimane wa Bolivia sauti ambazo nadharia za Ulaya huziita zinazopatana na zisizopatana. Waliziona sawa. Lakini mkwaruzo wa sauti, ule unaotikisa sikio, waliuchukia kama watu wengine. Sikio lenyewe lina chukizo lake. Kinachojengwa juu yake ni cha mafunzo.

Kuhusu ile namba 1.618, "uwiano wa dhahabu" wa urefu kwa upana unaodaiwa kuwa siri ya uzuri, msipoteze muda. Gustav Fechner aliijaribu kwa mistatili mwaka 1876 na kuona inapendelewa. Majaribio ya baadaye yamekuwa yakikubali siku moja na kukataa siku nyingine. Kwa wenye mapenzi na fomula, mwanafalsafa Plotinus aliuliza swali lake karne ya 3: ikiwa uzuri ni ulinganifu wa sehemu, mbona mwanga ni mzuri na hauna sehemu?

Nakuonya wewe pia, maana umeufurahia mstari wa mapacha. Kukiri kwamba ladha inatoka kwenye uzoefu si kusema kwamba ladha zote zina uzito sawa. Kuna wanaodai kila kitu ni mazoea tu, wakiegemea ugunduzi wa Robert Zajonc wa mwaka 1968 kwamba tunapenda tunachokiona mara kwa mara. Mwaka 2013 Aaron Meskin na wenzake waliujaribu kwa wanafunzi walioonyeshwa picha tena na tena kwa wiki kadhaa: baadhi za Mwingereza John Everett Millais, nyingine za Mmarekani Thomas Kinkade, ambaye wahakiki wengi hawamthamini. Kinkade kadiri alivyoonekana ndivyo alivyoshuka. Kama mazoea yangekuwa ndiyo kila kitu, angepanda. Kuna kitu ndani ya picha ambacho kurudia kuitazama hukifichua, kiwe kizuri au kibaya.

Mwanafalsafa David Hume alilisema hili kwa kisa mwaka 1757. Waonjaji wawili walipewa divai. Mmoja akasema ni nzuri ila ina ladha ya ngozi. Wa pili akasema ni nzuri ila ina ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili, maana hata kauli zao hazikupatana. Pipa lilipokwisha, ulikutwa chini ufunguo wa chuma uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Watu hupenda kisa hiki kwa sababu ya ufunguo. Mimi nakipenda kwa sababu waonjaji walitofautiana na bado wote walikuwa sahihi. Hume aliorodhesha anayestahili kusikilizwa: mwenye akili timamu, hisia nyepesi, mazoezi, aliyelinganisha mengi, na asiye na upendeleo. Sifa ya mwisho ndiyo ngumu. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Mnaweza kumaliza ugomvi wenu kwa kujipima. Mnahitaji jozi 40 za picha za mandhari na jozi 40 za michoro ya dhahania, karatasi, na wiki mbili.

Kila mtu anakaa peke yake, anatazama jozi, anaandika kushoto au kulia. Swali ni moja: ipi inakupendeza zaidi? Msitumie "ipi ni nzuri", maana mtajibu kwa kukisia watu wengine watasema nini, na mwafaka utapanda kwa uongo. Baada ya wiki moja rudieni jozi zilezile, ila mbadilishe mpangilio wa jozi na mgeuze pande, iliyokuwa kushoto iende kulia. Sasa hesabuni vitu viwili: ni jozi ngapi umekubaliana na wewe mwenyewe wa wiki iliyopita, na ni ngapi umekubaliana na kaka yako. Kwa kubahatisha tu mngepata 20 kati ya 40, kwa hiyo toeni 20 kwenye kila hesabu. Kisha gawanyeni ziada ya mwafaka wenu kwa ziada ya mwafaka wa mtu na nafsi yake.

Tuseme kwenye mandhari kila mmoja amejikubali mara 34, na nyinyi wawili mmekubaliana mara 32. Ziada ni 14 na 12; gawanya, 0.86. Hapo ladha yenu karibu ni moja. Tuseme kwenye dhahania kila mmoja amejikubali mara 33 na mmekubaliana mara 23. Ziada ni 13 na 3, jibu 0.23. Na hata hiyo 0.23 msiiamini: kwa jozi 40, mwafaka wowote kati ya 14 na 26 unaweza kuletwa na bahati.

Yanayoharibu jaribio ni machache na yanajulikana. Mkikaa pamoja, mkubwa atamvuta mdogo hata kwa kukohoa. Mkitumia sura za watu mnaowajua, mtapima urafiki. Jozi ambayo picha moja ina ukungu na nyingine ni safi inapima kamera. Ukizipitia jozi zote 80 kwa mkao mmoja, macho yanachoka na mkono unaanza kuchagua upande mmoja. Gawa kazi siku mbili. Na ikiwa mmoja wenu anajikubali mara 24 tu kati ya 40, acheni kabla hamjagawanya chochote: mtu huyo hana ladha thabiti juu ya picha hizo, na hakuna cha kubishana naye.

Jozi za thamani zaidi ni zile ambazo kila mmoja wenu amejirudia lakini hamkukubaliana. Zitoeni pembeni. Hapo tu ndipo mkae pamoja, picha mezani, na kila mmoja aonyeshe kwa kidole ni sehemu gani ya picha iliyomvuta. Mwenzako akionyesha kitu ambacho hukukiona kabisa, itazame tena picha hiyo dakika moja kabla hujajibu.